Fungu la Olga

Huko kijijini Pinga, nyama ikitoka msituni hakuna anayeuliza nani atashika kisu. Kisu ni cha Athanase. Watu walizoea hivyo tangu baba yake alipoishiwa nguvu mikononi, na hata wale wasiompenda, maana wapo, humtuma mtoto mbio kwenda kumwita. Siku asipokuwepo, mgao huisha kwa matusi, na wanawake huacha kusalimiana kisimani kwa wiki nzima.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Majani mapana hutandikwa chini na nyama yote humwagwa hapo, hata kile kipande ambacho mtu alikuwa ameshakificha kwenye kikapu chake. Aliyemwona mnyama kwanza ana fungu lake, mwenye mbwa ana lake, aliyebeba mgongoni ana lake, na mjane ambaye hakutia mguu msituni naye hasahauliki. Athanase hukata, hupanga mafungu, kisha huchuchumaa pembeni akawaacha wenzake wachague. Yeye huchukua linalobaki. Mwenye kisu ndiye wa mwisho, na hapo ndipo huonekana kama alikata kwa haki au kwa tamaa.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akamwita mwizi kabla hajanisikiliza.

Ugonjwa ulimwanzia tumboni. Alikuwa akila, na baada ya muda mfupi tumbo linajaa, linanguruma, linakaza upande wa kulia chini ya kitovu, mpaka analala chini akiuma ukosi wa shati lake. Kisha anatapika yote. Majirani hawakuwa na shaka hata kidogo: huyo amelishwa karuho, ile sumu ya polepole ambayo huku kwetu inasingiziwa kila mtu anayekonda. Akapelekwa kwa mganga, akanyweshwa dawa za kutapisha, yeye ambaye alikuwa anatapika tayari bila msaada wa mtu. Kama si mke wake, Hélène, aliyekwenda kumtoa huko kwa kelele, tungekuwa tumeshamzika.

Miaka ile yote aliendelea kugawa nyama ambayo hawezi kuila. Alichukua fungu la mwisho, akampa Hélène, yeye akanywa mchuzi. Watu waliona ni utakatifu na katekista alimtaja kanisani kama mfano. Kumbe ni utumbo tu.

Mwishowe alifungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva wa pikipiki, asije akaanguka kwa udhaifu, akashuka njia yote ya matope mpaka hospitali moja ya misheni upande wa Masisi. Hapo kila mwezi alikuwa akipanda daktari wa matumbo kutoka Goma, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, jina lake Francine. Ndiye aliyemwambia kwamba hakulishwa kitu na mtu yeyote. Ugonjwa unaitwa Crohn. Utumbo wenyewe unajitia vidonda, vidonda vinapona, vinaacha kovu, na kovu likishakuwa nene njia inakuwa nyembamba. Dokta Francine alishika mpira wa kile chombo chake cha kusikilizia moyo, akaubana katikati kwa vidole viwili.

"Hapa," alisema. "Chakula inafika hapa, inakosa njia."

Athanase aliutazama ule mpira uliobanwa. Siku ile alishtuka kuliko siku zote alizoambiwa habari ya sumu. Sumu ina adui, na adui unaweza kumchukia. Hii ilikuwa nyama yake mwenyewe inayomfungia mlango.

Walimpeleka Goma, wakamwingiza mrija wenye kipira kidogo kwenye ncha, wakakijaza hewa pale palipobana ili papanuke. Palipanuka. Alikula vizuri msimu mmoja wa maharagwe, kisha pakafunga tena. Dawa za kutuliza vidonda alikuwa nazo, lakini kovu halisikii dawa hizo. Kilichobaki ni kukatwa.

Ni kwenye ile hospitali ya misheni alipokutana na Olga.

Olga alikuwa msichana wa Ngungu, huko milimani, mlimaji wa maharagwe, mwenye ugonjwa uleule na kovu lilelile. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa ameshakatwa mara moja. Daktari alikuwa amemweleza wazi kwamba akikatwa tena, utumbo utakaobaki hautaweza kuunganishwa, na haja yake itatokea kwenye mfuko uliobandikwa tumboni, labda maisha yake yote. Olga alisikiliza mpaka mwisho, akajibu: "Docteur, kila kitu nitakubali. Ile mufuko, hapana." Kila alipokuja alirudia maneno hayohayo. Mama yake, Adelaïde, alimsindikiza kila safari na sufuria lake na ungo wake, na kwa kuwa Athanase alikuja peke yake, alimpikia na yeye uji laini kwenye moto mmoja, katika nyumba wanamolala wasindikizaji wa wagonjwa.

Basi siku moja Dokta Francine akawaita wote wawili pamoja na Adelaïde, akafunga mlango.

"Kuna dawa mupya," alisema. "Ni vinini vya kumeza. Bantu ba elimu banatafuta kama inaweza kulegeza kovu. Haijajulikana kama inafaa, ndiyo maana banaijaribu, hapa na mu inchi zingine mingi. Mukikubali, kila muntu atapata chupa yake. Lakini musikie muzuri: bamoja batapata dawa ya kweli, na bengine batapata vinini vya kufanana nayo kabisa, lakini ndani hamuna dawa. Mashini njo itachagua. Miye mwenyewe sitajua."

Athanase alidhani hakusikia vizuri.

"Hata weye, Docteur? Hautajua?"

"Hata miye, Papa Athanase. Nikijua, nitaanza kuangalia mumoja na jicho ya huruma, na ile inaharibu kazi."

"Sasa nani anajua?"

"Bantu ba mbali. Batafungua tu siku ya mwisho, ao kama kuna hatari."

Athanase alishtuka. Maisha yake yote ilikuwa kugawa, na hakuwahi kusikia mgao ambao mgawaji amefungwa macho kwa makusudi. Watu wawili wanatoka pamoja na njaa moja, mmoja anapewa nyama, mwingine anapewa jiwe lililofungwa kwenye jani, na wote wanaambiwa waseme asante. Tena na watu wa kusoma! Dokta Francine akaeleza kwa upole kwamba bila kufanya hivyo hakuna atakayejua kama ni dawa iliyoponya au ni bahati. Athanase aliyasikia maneno, akayaona ya kweli, na bado moyo ukakataa kuyameza. Lakini upande wa pili kulikuwa na kisu, na kwa Olga kulikuwa na mfuko. Walikubali.

"Neno moja tena," daktari alisema akiwakabidhi chupa. "Musimupe muntu mwingine hii dawa. Hata ndugu. Hata bibi yako."

"Hatutapana," walisema.

Walitoka wakakaa barazani. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na Adelaïde alikuwa akichagua maharagwe ya jioni. Athanase aliiweka chupa yake juu ya goti, akaitazama, akatazama ya Olga. Zilifanana kama mayai ya kuku mmoja. Alimwona yule msichana jinsi alivyoshika yake kwa mikono miwili, na wazo likamjia, nalo lilionekana jema sana.

"Mama Adelaïde," alisema, "ondoa maharagi. Nipe lungo."

Olga alielewa kabla ya mama yake. "Papa Athanase, Docteur amesema tusipane."

"Kupana ni kitu ingine. Siko nakupa, na weye hauko unanipa. Tuko tunagawanya. Mumoja wetu iko na dawa, ao wote, ao hakuna. Tukichanganya, hakuna mwenye atarudia kwao mikono wazi. Mashini yabo haituone. Miye niko nakuona."

Sijui mtu gani wa milima yetu au wa misitu yetu angeyajibu maneno hayo. Adelaïde aliupangusa ungo kwa kanga yake, chupa mbili zikamiminwa, na yeye akazipepeta taratibu zile tembe nyeupe, huku na huku, mpaka hata Mungu, alisema akicheka, asijue ipi imetoka wapi. Athanase akapanga mafungu mawili. Kwa macho na kwa kiganja, kama kawaida yake, na hakuna lililozidi. Kisha akachuchumaa pembeni.

"Chagua, mutoto yangu."

Olga akachagua. Yeye akachukua lililobaki. Adelaïde alifuta machozi, akasema Mungu hatamsahau mtu mwenye moyo huo. Na kila mwezi, walipopewa chupa mpya, ungo uliletwa bila kuombwa.

Baada ya muda Athanase alianza kula.

Kwanza ndizi zilizopondwa, bila kutapika. Kisha wali. Kisha, siku moja Hélène akiwa ameinama jikoni, aligeuka akamkuta mumewe ameketi na bugali wa mihogo wa moto, anameza. Mwiko ulimwanguka mkononi. "Athanase! Unataka kujiua?" Alimngoja aanguke chini kama siku zote. Hakuanguka. Alimaliza sahani akaomba mchuzi. Walitazamana kama watu waliovunjiwa nyumba na mwizi wakakuta ameongeza vitu. Wawindaji waliporudi na paa, alikata, akapanga, akangoja, akachukua fungu lake la mwisho, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akalila mwenyewe, mfupa na mafuta yake, mbele ya watu waliosimama kumwangalia midomo wazi.

Kuhusu Olga, Athanase aliona. Lazima niseme kwamba aliona. Kila mwezi shingo ya msichana ilikuwa nyembamba zaidi na kicheko kifupi zaidi. Alimwuliza, Olga akajibu, "Iko sawa, Papa, ni kazi ya shamba." Yeye akajiambia kwamba maharagwe yanachosha, na kwamba dawa haifiki kwa watu wote siku moja. Mtu anayepona hujiambia mambo mengi.

Kisha ukaja mwezi ambao Olga hakuwepo barazani. Athanase alidhani njia ya Ngungu imeharibika. Aliingia peke yake kwa Dokta Francine, akamkuta ameweka mbele yake picha za tumbo lake zilizopigwa Goma, na uso wake umechangamka.

"Papa Athanase, angalia mwenyewe. Hapa palikuwa pamefunga. Sasa pamefunguka. Si sana, lakini pamefunguka. Umekunywa dawa vizuri?"

"Muzuri kabisa, Docteur! Miye na Olga wote mbili. Hatukuacha hata kinini moja. Tuligawanya sawasawa, kila mwezi."

Alisema kwa fahari. Alingoja asifiwe.

Dokta Francine alikuwa amesimama, akakaa. "Rudilia," alisema.

Alirudia. Alieleza chupa, ungo, mafungu, nani alichagua kwanza. Kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo yule mwanamke alivyozidi kufunika mdomo kwa kiganja, mpaka sauti ya Athanase ikapungua yenyewe na kufa.

"Niliwaambia musimupe muntu mwingine," daktari alisema.

"Hatukumupa muntu, Docteur. Tuligawanya."

"Mungu wangu," alisema Francine, na haikuwa hasira. Ilikuwa hofu tupu. "Sikusema musichanganye. Nani angefikiri kusema vile?" Aliinuka, akakaa tena. "Papa, Olga iko hapa. Walimuleta asubui. Utumbo yake imefunga kabisa, hata maji haipite. Banamutayarisha."

"Banamutayarisha na nini?"

Daktari alikuwa ameshachukua simu na kutoka nje. Athanase alimsikia barazani akisema Kifaransa kwa haraka, akitaja jina la Olga, kisha la Athanase mwenyewe, kisha akingoja. Wale watu wa mbali walikuwa wakifungua kilichofungwa. Aliporudi alisimama mlangoni asiingie ndani.

"Nitakuambia, juu una haki ya kujua. Chupa ya Olga njo ilikuwa na dawa. Ya kwako, miezi yote, haikukuwa na kitu."

Maneno yalifika, yakakaa. Athanase aliitazama mikono yake juu ya magoti, ile mikono ambayo Pinga nzima iliiamini, na akaiona kama ya mtu mwingine aliyeketi pale mahali pake.

"Nimekula fungu yake."

"Sijue, Papa."

"Nusu yake nilikuwa nayo miye. Yeye alimeza nusu ya unga."

"Sikiliza. Hatujue hata kama hii dawa inafaa. Pengine angemeza yote na bado utumbo ungefunga. Na wako pengine umefunguka wenyewe, inatokeaka. Sasa hakuna mwenye atajua. Wote mbili mumetoka mu kazi hii, siwezi kuwapa chupa ingine. Ile kujua njo kitu ulichanganya, Papa. Si vinini tu."

Alikusudia kumfariji, nadhani. Lakini kwa mtu wa mizani hakuna adhabu mbaya kuliko hiyo. Angeambiwa, umeiba paja, angerudisha paja. Angeambiwa, hukuiba, angelala. Kuambiwa kwamba hakuna jicho duniani litakalopima alichokula, hilo lilimpiga mpaka akasikia masikio yakilia. Alitoka nje akashika nguzo ya baraza. Ungo wa Adelaïde ulikuwa umeegemezwa ukutani palepale pa siku zote. Alipouona, alikaa chini kwenye matope mbele za watu.

Olga alikatwa mchana uleule. Alipona. Mfuko ukabandikwa.

Athanase hakurudi Pinga. Hélène alimpigia kwa simu ya jirani akiuliza, naye akajibu kwamba bado ana jambo. Alilala katika nyumba ya wasindikizaji, upande wa mlango. Adelaïde alipika kwenye moto uleule bila kumtazama, akapita mbele yake na sahani moja, akaenda wodini. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Msichana alipoweza kuketi, Athanase alijikaza akaingia. Alikuwa amejifunza maneno ya kusema, marefu, ya kuomba radhi, kuanzia Mungu mpaka mababu. Alipomwona Olga ameegemea mto, uso mdogo kama wa mtoto, na chini ya shuka ule uvimbe ubavuni, aliyaacha maneno yote, akavua kofia.

"Mama aliniambia," Olga alisema.

"Ndiyo."

"Na Docteur alisema hata yeye hajue kama njo vile."

"Alisema."

Olga alimpima kuanzia mashavu yaliyorudi mpaka mkanda uliosogezwa tundu. Haikuwa chuki. Ulikuwa mshangao uleule alioujua Athanase, wa mtu ambaye akili yake inafika mahali na kukuta ukuta.

"Unakulaka sasa?"

Alitamani kusema uongo. "Nakulaka."

"Hata bugali?"

"Hata bugali."

Adelaïde alikuwa ameketi kando ya kitanda na sahani yake magotini, bugali na sombe ya majani ya mihogo, hajaigusa bado. Olga alinyoosha mkono dhaifu kuelekea ile sahani.

"Mama, mupatie."

"Olga!"

"Mupatie. Papa Athanase, ikaa. Kula. Nataka kuona."

Adelaïde alimtazama binti yake kwa mshtuko, akamtazama yule mwanaume, kisha akaiweka sahani mikononi mwake, na maji ya kunawa akamletea. Athanase hakujua kama anakaribishwa au anahukumiwa, na sidhani Olga mwenyewe alijua. Aliketi. Fungu lilikuwa moja tu, na hakukuwa na mtu wa kuchagua kabla yake. Alimega tonge, akalichovya kwenye sombe, akaliweka mdomoni, akameza.

Akangoja. Miaka yote ile alikuwa akingoja hivyo baada ya kila tonge, kiganja chini ya kitovu, maumivu yaje. Safari hii aliyaomba yaje. Olga naye alingoja, macho yakifuata kutoka kooni, kifuani, mpaka tumboni, kama mtu anayesindikiza mgeni wake njiani.

"Imepita?"

Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye ndevu, na hakuwa na mkono safi wa kuyafuta.

"Imepita, mutoto yangu."

"Kula ingine," Olga alisema.